Jina la Mchunga Mbuzi

Kitu cha kwanza kilichomkera Musyimi katika ile filamu ni vifua. Wanaume mia nne wanakwenda vitani, mbele yao kuna jeshi lenye mikuki isiyohesabika, na wao wamevaa nini? Vitambaa vyekundu kiunoni na mafuta ya kung'aa mwilini. Musyimi alikuwa amefundisha historia miaka kumi na tisa kabla ya kuachana na chaki, na alijua vizuri kwamba watu wa kale hawakuwa wajinga. Aliyekuwa na shaba aliivaa kifuani. Aliyekosa shaba alivaa ngozi ya ng'ombe. Aliyekosa vyote viwili alijibanza nyuma ya mwenzake akaomba Mungu wake.

Alisema hivyo hivyo kwenye maiki, siku ya kwanza, filamu ikiendelea. Kisha mtu wa viti vya nyuma akasema, "Mwalimu, sisi tulimaliza shule," watu wakacheka, na Kahiga akamtupia Musyimi jicho ambalo alilifahamu.

Kahiga ndiye mwenye ukumbi. Alikuja huku Kabati, Ukambani, kutoka Murang'a zamani kuuza mabati, yakabaki mabati ya kutosha kujengea ukumbi wa video nyuma ya duka, akaweka viti vya plastiki mia moja na skrini pana ukutani. Kazi ya Musyimi ilikuwa kutafsiri. Filamu inakuja na lugha yake, sauti inapunguzwa, na yeye anakaa kando na maiki akiwaambia watu kinachoendelea kwa Kiswahili chenye Kikamba ndani yake. Lakini mtafsiri anayetafsiri tu hadumu wiki mbili. Watu wanataka staa apewe jina la hapa. Wanataka mfalme awe na shamba Zombe, na malkia awe amegombana na wakwe. Wanataka kucheka mpaka mbavu ziume, na Musyimi, tusimnyime haki yake, aliweza kuwachekesha hata wafiwa.

"Ukitaka kufundisha, rudi shule," Kahiga alimwambia watu walipotoka. "Hapa watu wanakuja kufurahi. Hao wanaume wakivaa vyuma, misuli utaiona wapi?"

"Lakini si ukweli, Kahiga."

"Kwani nani ameulizia ukweli?"

Musyimi akanywea. Si kwamba alikubali. Ila alikuwa ameonja makofi ya ukumbi mzima, na mtu aliyefundisha kidato cha pili saa nane mchana, wote wakisinzia, hawezi kuyapata makofi kama yale akayaacha hivi hivi.

Jumatano, siku ya soko, ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Safari hii aliacha habari za shaba na ngozi. Ule mji wa mawe kwenye filamu akaufanya Kilungu, kuta zake zikawa vilima vya Kilungu, na wale mia nne wenye vifua wakawa vijana wa kwetu wanaolinda ng'ombe zao. Watu walipiga miguu chini. Damu ikaruka polepole, kama wanavyopenda hao watu wa filamu, tone moja likichukua nusu dakika kufika chini, na Musyimi akawaambia hiyo si damu, ni supu ya harusi imemwagika. Kisha akatokea mchunga mbuzi.

Kwenye filamu hana jina. Ni mtu mwembamba mwenye meno mabovu, anayewaonyesha adui mfereji mkavu unaopita chini ya ukuta. Dakika nne tu yuko pale, lakini bila yeye hakuna filamu, kwa sababu wale mia nne wasingeshindwa kamwe. Musyimi alimwona akija na hakuwa amemtafutia jina. Na mdomo wa mtafsiri hausubiri. Ndipo hadithi ya nyanya yake ikamjia.

Kilungu ndiko alikozaliwa. Walipokuwa watoto, nyanya yao aliwasimulia habari za pango: kwamba mwaka wa njaa kuu wavamizi wa ng'ombe walipanda vilimani, akina mama na watoto wakajificha pangoni, na kijana mmoja aitwaye Nzuma akawaonyesha wavamizi njia ili apewe ndama. Nyanya alikuwa akiigiza sauti ya Nzuma, nyembamba, ya kuomba omba. Musyimi akaichukua sauti ile vile vile ilivyokuwa.

"Huyu ni nani jamani? Huyu ni Nzuma wa Kilungu. Angalieni meno. Ameuza mama yake kwa ndama, na ndama mwenyewe ana kikohozi."

Ukumbi ulilipuka. Kuna mzee alianguka na kiti. Kahiga, aliyekuwa akirekodi kama kawaida yake, alikata kipande kile cha dakika nne akakitia kwenye simu, na kufikia Ijumaa kilikuwa kimevuka mto Athi. Vijana waliambiana, "Usinifanyie Nzuma, bwana." Kinyozi wa Kabati aliandika ukutani kwamba Nzuma hakopeshwi.

Musyimi alifurahi, kwa nini tufiche. Jumapili ile alimpigia simu binti yake Syombua, aliyeolewa Wote. Syombua alikuwa na mvulana mmoja, na sasa alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili, na kliniki walikuwa wamemwambia ni mvulana.

"Musyimi anaendeleaje?" baba akauliza.

"Anapiga mateke, Baba. Nafikiri amesikia muvi yako."

Wakacheka. Kwa Wakamba mvulana wa kwanza huitwa jina la babu yake upande wa baba, na wa pili huitwa jina la babu yake upande wa mama. Musyimi alizaa wasichana watatu. Wawili wengine walikuwa wamejaliwa wasichana watupu na wakafunga uzazi. Jina lake lilikuwa limebaki kwenye tumbo la Syombua peke yake, na yeye alikuwa ameanza kulisalimia kila Jumapili.

*

Wiki ya tatu, asubuhi, Musyimi akitengeneza waya wa maiki, mwanamke alisimama mlangoni mwa ukumbi. Alivaa nguo ya kanisani na viatu vyenye vumbi jekundu.

"Wewe ndiye Baba Syombua."

"Ni mimi, mama. Karibu kiti."

Hakukaa. "Naitwa Kathini. Nimetoka Kilungu kabla ya jua. Mume wangu anaitwa Nzuma."

Musyimi aliuweka waya chini. Muda wote ule, haki ya Mungu, hakuwa amewaza hata mara moja kwamba Nzuma anaweza kuwa na wajukuu. Mwalimu mzima. Alijua majina yanavyorudi kizazi baada ya kizazi, alikuwa akisubiri lake lirudi, lakini la mwenzake alilichukua kama jiwe la njiani.

"Babu yake ndiye huyo wako wa meno," Kathini akasema. "Sasa nisikilize. Tuna binti, Kasiva. Amepata mchumba mzuri, watu wa Zombe. Jumamosi iliyopita walikuwa walete mbuzi wa ntheo."

Hapo hakuhitaji kueleza. Bila wale mbuzi wa ntheo Mkamba hajaoa, hata awe na cheti cha kanisa na cha serikali. Mwanamke hubaki wa kwao, na watoto wake hubaki wa kwao.

"Nilipika tangu Ijumaa. Majirani walikuwa wamekaa. Saa nne wakapiga simu kwamba hawaji. Wanasema Kasiva hana kosa lolote, lakini kijana wake wa pili ataitwa nani? Ataitwa Nzuma. Na wao hawataki Nzuma kwenye boma lao."

"Lakini ile ni filamu tu, Mama Kasiva."

"Wanajua ni filamu. Wameniambia wenyewe. 'Mama, tunajua hayo ni mambo ya muvi, lakini mtoto ataenda shule.' Wanataka tukubali aitwe jina lingine. Mume wangu naye amesema, kama jina langu haliingii kwao, binti yangu haingii. Na huyo ni mtu akisema amesema. Kasiva amejifungia chumbani. Mimi niko katikati kama mtu aliyefungwa kamba pande mbili."

"Mzee mwenyewe yuko namna gani?"

"Hajaenda sokoni tangu hiyo kitu ianze. Juzi alikuwa nje anakunywa chai, kijana akapita na simu inasema jina lake kwa sauti yako. Alibeba kikombe akaingia ndani."

Musyimi alitafuta neno. Lililokuja lilikuwa bovu. "Si mimi niliitunga. Nyanya yangu ndiye alitusimulia."

"Nyanya yako alikuwa pangoni?"

"Hapana."

"Wewe ulikuwa mwalimu wa historia. Mtoto akikuandikia hivyo kwenye mtihani, kwamba nyanya amesema, ungempa alama ngapi?"

Kathini hakungoja jibu. Alifunga leso yake vizuri. "Sikuja kuombwa msamaha. Wewe ndiye uliweka jina letu pale. Litoe." Akaenda zake.

*

Kesho yake Musyimi alikwenda Kilungu. Alishukia njia panda akapanda kwa miguu, katikati ya michungwa na maparachichi, mpaka kwa shangazi yake Katunge, dada wa mwisho wa baba yake, mwanamke wa miaka tisini na kitu anayesikia akitaka na kuona akitaka. Alimkuta jikoni anaambua mbaazi.

"Nau," Katunge akamwita, yaani baba. Alikuwa akimwita hivyo tangu kuzaliwa, kwa sababu Musyimi alibeba jina la baba yake Katunge. "Nau, umekonda. Hawakupi chakula huko kwa mabati?"

Musyimi akamweleza yote. Alipofika kwa Nzuma na ndama, mikono ya yule mama ikasimama kwenye sinia.

"Nani alikuambia aliuza?"

"Nyanya."

"Mama yangu huyo." Katunge alitikisa kichwa. "Mama yangu aliweza kukusimulia mvua ukalowa. Sikiliza. Hakuna mtu aliuza mtu. Walipika. Watoto walilia njaa siku tatu, siku ya nne mtu akawasha moto, moshi ukatoka juu ya mwamba. Wale watu wakaona moshi. Basi."

"Basi?"

"Wewe ulitaka nini tena? Nzuma alikuwa mtoto wa kutumwa maji. Alitumwa mtoni, akarudi na kibuyu akakuta wamekwisha kupita. Waliouawa wameuawa, waliochukuliwa wamechukuliwa. Akasikia mtoto analia chini ya maiti ya mama yake. Akamtoa, akamnywesha yale maji, akambeba mgongoni mpaka Mukaa. Huyo mtoto ni baba yangu. Ni Musyimi. Ni wewe."

Musyimi alikaa juu ya gogo la kuni bila kuangalia kama kuna kuku. Alikuwa ameona aibu mara nyingi maishani, kila mtu huona, lakini hii ilikuwa ya aina nyingine. Ilimpanda mpaka masikioni.

"Sasa kwa nini Nyanya aseme hivyo?"

"Aligombana na mke wa Nzuma juu ya mpaka wa shamba. Mti wa mpaka ulikatwa, kila mtu anasema ni mwenzake. Kabla ya hapo Nzuma kwenye hadithi alikuwa anakuja na maji. Baada ya hapo akaanza kuja na wavamizi." Katunge akarudia mbaazi zake. "Na nyinyi mlipenda zaidi hiyo ya pili. Ya kwanza mlikuwa mnasinzia."

*

Musyimi alirudi Kabati na nia moja: kusema ukweli. Alikaa mbele ya simu ya Kahiga akarekodi dakika tano nzima. Alieleza moshi, kibuyu, mtoto, mpaka, kila kitu kwa utaratibu, mwanzo, kati, mwisho, kama somo zuri. Kahiga akaisambaza kila mahali alikosambaza ile ya kwanza. Siku nne baadaye walioisikiliza hadi mwisho walikuwa wachache kuliko wateja wa duka la mabati siku ya mvua, na mmoja wao alikuwa ameandika chini yake: Mwalimu, hii haina kitu, rudisha Nzuma.

"Nilikuambia," Kahiga akasema, lakini safari hii hakucheka. Alikuwa mtu wa biashara, si mtu mbaya. "Mwambie tu huyo mama umejaribu."

"Sijajaribu bado. Jumatano weka ile filamu."

Jumatano ukumbi ulijaa tena. Kabla ya kuanza, Musyimi alisimama mbele ya skrini, mwanga ukimpiga usoni, akawaomba dakika tatu. Wakampa moja. Akawaambia Nzuma hakumwuza mtu, Nzuma alikuwa mtoto wa kuchota maji, tena aliokoa maisha.

"Sasa nani aliwaonyesha njia?" kijana mmoja akauliza.

"Hakuna. Waliona moshi."

"Moshi!" Kicheko kikaanza viti vya mbele kikaenda mpaka mlangoni. "Ati moshi! Mwalimu, weka muvi."

Akaiweka. Aliitafsiri vizuri kama kawaida, maana mdomo ulikuwa umezoea. Aliwaza: nitampitisha kimya. Nitasema tu mchunga mbuzi fulani, dakika nne ziishe, na mwezi ujao watu watakuwa wamesahau. Ulikuwa mpango mzuri. Hata wewe ungeuona mzuri.

Mchunga mbuzi akatokea na meno yake.

"Huyu hapa," Musyimi akasema kwenye maiki, "ni mchunga mbuzi fulani..."

"Nzuma!" ukumbi ukaitika.

"Hapana, huyu hatujui jina..."

"Nzuma! Nzuma!" Wakipiga miguu, wakicheka, kina mama wenye vikapu vya sokoni, wanaume wazima, watu wazuri tu ambao ukiwa na msiba ndio wanakuja kukuchimbia kaburi. Hawakuwa na ubaya wowote na Nzuma. Walitaka tu mtu. Na pale, maiki mkononi, Musyimi alielewa kitu ambacho miaka kumi na tisa ya chaki haikumfundisha. Ukitoa jina pale na usiweke lingine, lile la kwanza linarudi lenyewe. Mahali pale hapakai wazi. Angeweza kuweka jina la kubuni, lakini huku kwetu hakuna jina la kubuni. Kila jina unalolitaja lina boma lake, lina binti yake anayesubiri mbuzi. Aliyapitia majina kichwani haraka haraka, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na mtu. Dakika mbili zilikuwa zimebaki. Kulikuwa na jina moja tu ambalo lilikuwa lake kulitoa.

"Nyamazeni," akasema. "Mlidanganywa, na mimi ndiye niliwadanganya. Nilimficha mwenyewe nikamsingizia jirani. Mnataka kujua huyu ni nani? Huyu ni Musyimi. Musyimi wa Kilungu, babu yangu mzaa baba, na jina lake ndilo hili nimebeba. Angalieni meno." Akafungua mdomo wake mwenyewe kwenye mwanga wa skrini, akaonyesha pengo. "Yanafanana ama hayafanani?"

Kelele iliyopigwa siku hiyo Kabati haikuwa imesikika tangu taa za stima zifike. Watu walilia machozi ya kicheko. Musyimi akaendelea, akiigiza sauti ile nyembamba ya kuomba omba, akampa babu yake ndama, akampa kikohozi, akampa na kamba ya kumfungia. Babu yake, yule mtoto mchanga aliyetolewa chini ya maiti ya mama yake. Alitafsiri vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Kahiga alikata kipande kile kama kawaida. Kabla ya kukituma alimtazama Musyimi. "Una hakika?"

"Tuma."

"Hii nayo ni uongo, Mwalimu. Tena uongo zaidi."

"Najua. Tuma."

*

Ile ya pili ilikwenda mbio kuliko ya kwanza. Kumsema mwenzako ni kawaida, lakini mtu kujianika mwenyewe hadharani, hiyo kila mtu alitaka kuiona. Katika wiki mbili Nzuma alikuwa amefutika kama hakuwahi kutajwa. Kinyozi alipaka rangi juu ya jina la zamani akaandika jipya.

Jumamosi iliyofuata mbuzi watatu walipanda Kilungu kutoka Zombe. Kathini alipiga simu jioni, nyuma yake kukisikika vigelegele. Alisema Kasiva ametoka chumbani, amekula, amecheza. Kisha akasema, "Mzee anataka kukusalimia," na sauti nzito ikaja.

"Baba Syombua."

"Naam, mzee."

"Tulikuambia ulitoe. Hatukukuambia ulivae." Nzuma akaongeza, "Babu yangu alimbeba huyo mtoto mpaka Mukaa. Wewe umemrudisha." Akakata simu, na Musyimi hakujua kama alikuwa ameshukuriwa au amegombezwa.

Kwa Katunge hakukuwa na shaka. Alituma ujumbe kwa mtu wa kanisani: mwambieni Musyimi asije mpaka nimuite. Hakusema Nau. Alisema Musyimi, kama mtu wa mbali.

Musyimi alijipa moyo. Alisema upepo huu utapita kama ule mwingine. Alijiambia hata historia ya vitabuni imejaa watu waliosingiziwa, na mwishowe mtafiti fulani huja akawasafisha. Jumapili aliendelea kumpigia Syombua, akauliza, "Musyimi anaendeleaje?" na Syombua akajibu, "Yuko sawa, Baba," kila mara kwa sauti ndogo kidogo kuliko Jumapili iliyopita.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Kilo tatu na nusu, mzima. Musyimi alinunua shuka ya mtoto na kilo mbili za sukari, akaviweka mezani tayari kwa safari ya Wote, akingoja kuambiwa siku akina mama watakusanyika kumpa mtoto jina, kama desturi ilivyo.

Simu ililia Jumatatu asubuhi.

"Baba, wamekaa jana," Syombua akasema.

"Jana? Mbona sikuambiwa?"

"Wamemwita Mbuvi. Jina la mjomba wa mume wangu."

Nje, Kahiga alikuwa akimpimia mtu mabati, akiyagonga moja moja. Musyimi alisubiri yanyamaze.

"Mimi niliwaambia, Baba," Syombua akasema, na sasa alikuwa analia. "Niliwaambia si kweli, niliwaambia yote, moshi na kibuyu na kila kitu. Mama mkwe akanishika mkono vizuri tu. Akasema, 'Tunajua si kweli, mwanangu. Lakini mtoto ataenda shule.'"

"Usilie, maziwa yatakauka," Musyimi akamwambia. "Mbuvi ni jina zuri."

"Baba."

"Ni jina zuri. Mnyonyeshe."

Akakata simu. Lilimuuma, na hata asiye na mtoto wala jina asijifanye hajui lilivyomuuma. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katika ukumbi mtupu mpaka Kahiga akaja kumuuliza kama atakula, akasema hapana.

Jumatano ikafika, siku ya soko, na watu wakataka ile filamu, kwa sababu siku hizi hawataki nyingine. Wanaume mia nne wakatoka na vifua wazi. Damu ikaruka polepole. Musyimi akawapa supu ya harusi, akawapa wakwe wa malkia, wakacheka. Na mchunga mbuzi alipotokea kwenye ule mfereji mkavu, ukumbi mzima haukungoja kuambiwa.

"Musyimi!" wakaita.

Akaleta maiki karibu na mdomo, na kwa ile sauti nyembamba ya nyanya yake akaitika, "Naam."